Stress Sio Mawazo Tu: Hivi Ndivyo Inakula Mwili wa Msee wa Isiolo Polepole

Chora hii picha. Ni saa tatu usiku, umebeba mteja kwa nduthi kutoka Isiolo mjini mnaelekea Archer's Post. Lami ni safi, giza ni totoro, na taa yako inaona mbele kidogo tu. Ghafla kuna kitu kikubwa kimesimama katikati ya barabara. Ndovu. Kabla hata hujamaliza kufikiria hilo neno, mguu ushakanyaga breki, moyo unadunda kama ngoma ya harusi, mdomo umekauka na viganja vimeloa jasho. Mteja nyuma ameanza kusoma dua. Ndovu anawaangalia, anaona nyinyi si kitu, anavuka, anapotelea vichakani. Mkifika Archer's mnacheka mpaka machozi yanatoka. Kesho yake hiyo ni stori ya stage.

Sasa chukua msee wa pili. Huyu hajakutana na ndovu. Ako kejani Bulla Pesa, amelala chali anahesabu misumari ya mabati. Nduthi ni ya mkopo na wiki mbili hajalipa. Mathe amepiga simu kutoka Merti akasema mbuzi zimebaki sita. Landlord amegonga mlango mara mbili. App mbili za mikopo zinamtumia meseji za vitisho. Hakuna kitu kinamkimbiza, kitanda hakisongi, lakini ukimwekea kidole kwa mshipa wa mkono utaskia moyo unaenda mbio. Mwili wake unafanya ile kitu ule wa jamaa wa ndovu ulifanya. Tofauti ni moja: ndovu aliondoka.

Hiyo tofauti ndiyo inaamua kama stress itakuokoa ama itakumaliza. Watu wengi mtaani wanadhani stress ni mambo ya kichwa, ati ukiwa "strong" haikupati. Maze, hapana. Stress ni damu, sukari, moyo, tumbo, usingizi, hata mambo ya chumbani. Wacha tuingie ndani ya mwili tuone nani hufanya nini.

Ndovu akitokea: sekunde za kwanza

Jicho likiona hatari, habari hufika kwa kipande kidogo cha ubongo kinaitwa amigdala. Hiki ni kama askari wa geti, hangoji kuuliza kitambulisho. Anapiga nduru hapo hapo. Nduru inafika kwa hipothalamasi, mkubwa wa mitambo yote ya mwili, naye anatuma amri kupitia neva hadi kwa tezi mbili ndogo ambazo zimekaa juu ya figo zako kama kofia. Hizo tezi zinamwaga homoni ya adrenalini kwa damu. Yote hii inaisha kabla wewe mwenyewe hujajua unaogopa nini. Ndio maana unashika breki kwanza, unafikiria baadaye.

Adrenalini ikiingia, mambo yanabadilika haraka. Moyo unaongeza spidi. Njia za hewa kwa mapafu zinapanuka ndio upate oksijeni ya kutosha. Ini linaachilia sukari iliyokuwa imewekwa stoo, ndio misuli ipate mafuta ya kukimbia. Mboni za macho zinafunguka uone vizuri. Hata damu yenyewe inakuwa rahisi kuganda, ndio ukikatwa usimwagike yote. Mwili wako unajipanga kwa vita ama mbio, na mwanasayansi wa Marekani Walter Cannon alikuwa ameshaandika juu ya hayo mwaka wa 1915.

Sasa hiyo nguvu yote inatoka wapi? Inaibwa kwa idara zingine. Damu inatolewa tumboni na kwa ngozi, inapelekwa kwa misuli. Usagaji wa chakula unasimamishwa, juu hakuna haja ya kusaga githeri kama wewe mwenyewe unakaribia kusagwa. Ndio maana mdomo unakauka, tumbo linajifunga, na wengine wanaskia haja ndogo ya ghafla kabla ya interview. Hata maumivu yanazimwa kidogo. Umeona msee akianguka na nduthi, anasimama, anaokota kiatu, anaulizia simu yake, halafu baada ya nusu saa ndio anagundua mkono umevunjika? Hakuwa anajikaza mbele ya watu. Ubongo ulikuwa umemzimia uchungu.

Dakika chache baadaye inakuja zamu ya pili. Zile tezi za juu ya figo zinatoa homoni nyingine, kortisoli. Hii ni ya mbio ndefu. Inafika kilele kama dakika 20 hadi 30 baada ya kushtuka, na kazi yake ni kuhakikisha sukari inaendelea kupatikana kwa damu hata baada ya adrenalini kuisha. Mwili umeweka namna ya kuizima. Fikiria tangi la maji lenye boya. Maji yakijaa, boya linapanda, linafunga mfereji. Kortisoli ikitosha, ubongo unaipima na kufunga mfereji wenyewe. Ndani ya saa moja ama mbili umerudi kawaida, mikono imeacha kutetemeka, na unaskia njaa mbaya.

Hii stress fupi si adui yako, tusidanganyane. Ndiyo inakuamsha usiku wa kuamkia KCSE, inakupa spidi ya kufukuza mpira dakika ya 90. Bila kortisoli kabisa huwezi hata kuishi. Kila asubuhi kiwango chake hupanda chenyewe ndio kikutoe kitandani, halafu usiku kinashuka ndio ulale.

Pundamilia wa Buffalo Springs hana presha

Toka Isiolo ushike barabara ya Moyale, mwendo mfupi tu kuna mbuga ya Buffalo Springs. Huko kuna pundamilia wa Grevy, wale wenye mistari myembamba na masikio makubwa ya duara. Wamebaki takriban 3,000 tu porini duniani, na wengi wao wako hapa kaskazini mwa Kenya. Simba akimfukuza mmoja, mwili wake unafanya kila kitu tumetaja hapo juu. Akiponea, anakimbia, anasimama, anapumua, anarudi kula nyasi. Hakai akiwaza simba wa kesho. Hana mkopo wa simba.

Mwanasayansi Robert Sapolsky alitumia hiyo picha kuandika kitabu kizima mwaka wa 1994, chenye jina linalouliza mbona pundamilia hawapati vidonda vya tumbo. Na huyu jamaa hakuwa anabahatisha akiwa ofisini Marekani. Tangu 1978 alikuwa akija Maasai Mara kufuata nyani na kupima kortisoli kwa damu yao. Hoja yake ni rahisi: mnyama huwasha hii mitambo akiona hatari kwa macho. Binadamu anaweza kuiwasha akiwa kitandani, kwa kufikiria tu. Na anaweza kuiacha ikiwaka miezi, hata miaka.

Na hapa Isiolo sababu za kuiacha ikiwaka hazikosi. Mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Kenya nzima, kaunti kame zilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.4. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni namba ya habari za saa moja. Kwa kijana wa Garba Tulla ama Oldonyiro hiyo ilikuwa fees, mahari, bima na akaunti ya benki, zote zikilala chini zikikauka. Halafu mwisho wa 2023 mvua ikaja kwa hasira, Ewaso Ng'iro ikafurika, ikabeba mashamba na zile mbuzi chache zilikuwa zimebaki. Ongeza wizi wa mifugo na milio ya risasi upande wa malisho. Kuna watu hapa tairi ikipasuka stage wanalala chini kabla hujageuka kuangalia. Usiwacheke. Askari wao wa geti alifunzwa na vitu vya ukweli.

Tena ukame hauishii kwa mtu mmoja. Watafiti walienda kwa majirani zetu Wasamburu wakatafuta watoto ambao mama zao walikuwa na mimba wakati wa ukame mkali wa 2008 na 2009, wakawalinganisha na ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakupitia hiyo hali tumboni. Matokeo yaliyotoka mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba zile alama za kemikali zinazokaa juu ya vinasaba, ambazo huamua gani iwashwe na gani izimwe, zilikuwa tofauti kwa watoto wa ukame. Vinasaba vyenyewe havikubadilika, swichi ndizo zilibadilika. Kwa hivyo mathe akikwambia "hiyo njaa ilikuingia ukiwa tumboni", sayansi haimcheki.

Boya likikwama

Turudi kwa yule msee wa Bulla Pesa. Mfereji umefunguliwa, boya limekwama, na maji yanamwagika kila siku. Mwili unaanza kulipa.

Wa kwanza kulipa ni moyo na mishipa. Presha kupanda kwa dakika kumi ukikimbia ndovu ni sawa kabisa. Presha ikikaa juu mwaka mzima, kuta za mishipa zinakwaruzwa, zinakuwa ngumu, mafuta yanashika hapo ndani. Moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, unanenepa kama misuli ya gym, lakini huo unene si wa afya. Ubaya wa presha ni kwamba mara nyingi haikuambii kitu. Unaweza kuwa nayo ukiwa na miaka 26, unacheza futa kila Jumapili, hujui. Utafiti wa kitaifa wa 2015, ule wa STEPS, ulipata kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima walikuwa na presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja. Stress pekee si sababu ya yote hiyo. Kuna chumvi, sigara, pombe, unene, na ukoo. Lakini stress hukaa na hao wote meza moja.

Pia sukari. Kortisoli ikiendelea kusema "leta sukari kwa damu" na wewe umekaa tu kwa kiti, hakuna mahali pa kuitumia. Mwili unaanza kuiweka kama mafuta, na kortisoli inapenda sana kuyaweka kwa tumbo. Ndio unaona msee amekonda mikono na miguu lakini kitambi kimeanza kuchungulia. Na ile hamu ya soda, mandazi na chipo usiku wa manane? Kortisoli iko hapo pia. Watu wengine ni kinyume, chakula hakishuki kabisa. Yote ni stress, inategemea mwili wako.

Kuhusu vidonda vya tumbo, wacha tuseme ukweli juu hapa kuna uongo mwingi. Zamani hata madaktari walisema stress na pilipili ndizo huleta ulsa. Halafu madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakagundua bakteria anaitwa H. pylori. Watu walikataa, basi mwaka wa 1984 Marshall akakunywa kikombe cha hao bakteria mwenyewe, akashikwa na tumbo vibaya, akathibitisha. Mwaka wa 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Kwa hivyo ulsa nyingi ni huyo bakteria, ama dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ambazo watu humeza kama njugu. Stress inafanya nini basi? Inafanya tumbo liume zaidi na kidonda kikawie kupona. Ukiambiwa "ni stress tu" na tumbo limekuuma mwezi mzima, itisha kipimo cha H. pylori. Inatibika kwa dawa za wiki mbili hivi.

Kinga ya mwili nayo inachezewa vibaya. Mwaka wa 1991 mtafiti Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti wa ajabu kidogo. Walichukua watu 394 wenye afya, wakawauliza kuhusu stress zao, halafu wakawawekea virusi vya mafua puani makusudi. Waliokuwa na stress nyingi ndio walishikwa na mafua zaidi. Miaka minne baadaye kikundi kingine Marekani kikafungua kidonda kidogo kwa mkono wa wanawake waliokuwa wakitunza jamaa zao wagonjwa wa kusahau. Vidonda vyao vilichukua kama siku 9 zaidi kupona kuliko vya wanawake wasio na huo mzigo. Kidonda ni kile kile, plasta ni ile ile. Kama wewe ndiye firstborn unalea kila mtu kejani na homa haikuachi, sasa unajua.

Kichwa nacho? Kuna sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi ambayo inashughulika na kumbukumbu. Hiyo inaskia kortisoli sana, na ikikaa ndani yake muda mrefu inafanya kazi vibaya. Unasoma ukurasa mmoja mara tatu. Unaenda dukani unasahau umetumwa nini. Wakati huo huo yule askari wa geti, amigdala, anazidi kuwa mkali. Unagombana na beste yako juu ya chaja. Hujakuwa mtu mbaya ghafla, ni geti limefunguliwa usiku na mchana.

Halafu kuna zile ambazo watu hawabongi juu yake. Sister, stress kali inaweza kuchelewesha period ama kuisimamisha kabisa, juu ubongo unaamua huu si wakati wa kubeba mimba. Pima mimba kwanza, lakini ikikosa miezi mitatu bila mimba enda hospitali. Bro, nguvu za kiume nazo zinashuka kwa sababu hiyo hiyo. Mwili ulio kwa vita hauna bajeti ya mapenzi. Kabla ukimbilie zile dawa za kuuzwa kwa chupa bila jina pale soko, jiulize ni lini mara ya mwisho ulilala masaa saba.

Nywele kudondoka inakuja ikiwa imechelewa, miezi miwili hadi mitatu baada ya shida yenyewe. Kwa hivyo unalaumu mafuta mpya bure.

Jaba: kuzima moto na petroli

Sasa tufike pale wengi hawatapenda. Isiolo iko chini tu ya milima ya Nyambene. Miraa inashuka kutoka Maua ikiwa bado imefungwa kwa majani ya ndizi, mbichi kabisa, na jioni base zimejaa. Mtu akiwa na stress anaambiwa "kuja tuchane, itaisha."

Ndani ya miraa kuna kemikali inaitwa kathinoni. Hiyo ndiyo sababu ya haraka yote ya kuisafirisha, juu inaharibika upesi jani likikauka. Kathinoni ni ndugu ya amfetamini, na kazi yake mwilini ni kuwasha zile neva ambazo ndovu aliwasha. Moyo unaongeza spidi. Presha inapanda na inakaa juu masaa kadhaa. Mdomo unakauka, ndio unaona soda, maji na Big G kando. Njaa inaisha. Usingizi unaisha. Mboni za macho zinafunguka. Hebu rudi juu usome tena yaliyompata yule jamaa wa barabara ya Archer's. Ni orodha ile ile.

Kwa hivyo yule msee wa Bulla Pesa, ambaye mwili wake ushakuwa kwa gia ya tano miezi minane, anaenda kuongeza petroli. Handas zikiwa juu anaona maisha yako sawa, anapanga biashara tatu, anaongea na kila mtu. Saa tisa usiku zinashuka. Sasa hana usingizi, hajala, na zile shida zote zimemngoja kitandani. Usingizi ndio wakati kortisoli ilikuwa imepangiwa kushuka. Asubuhi amechoka, anahitaji kitu cha kumwamsha, na mzunguko unaanza tena. Kahawa nyingi na vinywaji vya nguvu vinachezea wimbo huo huo, tu kwa sauti ya chini.

Mimi sikwambii miraa ni haramu ama halali, hiyo bonga na wazee wako. Najua pia familia ngapi hapa zinakula kupitia hiyo biashara. Nakwambia tu kama unachana ndio upunguze stress, mwili unaona kinyume. Kama huwezi kuacha, angalau acha mapema jioni na ule chakula kabla ya kuanza. Na kama wewe ni dereva wa safari za usiku za Moyale, ile kuchana ndio usisinzie haijakuondolea uchovu, imeuficha tu.

Nyani wa Mara walitufunza kitu

Kuna stori ya Sapolsky ambayo naipenda kuliko zote. Katika kundi moja la nyani alilofuata, katikati ya miaka ya 1980, madume wakali walikuwa wakienda kupora mabaki kwa jaa la taka la hoteli ya watalii. Nyama ya huko ilikuwa na kifua kikuu. Wale wababe wote wakafa. Walibaki majike na madume wapole. Kundi likatulia, nyani wakaanza kukaa karibu na kusafishana manyoya zaidi, na hata madume wageni waliokuja miaka ya baadaye walijifunza hiyo tabia ya upole. Na kitu cha maana: kwa makundi mengine, dume wa cheo cha chini huwa na dalili nyingi za stress mwilini. Kwa hili kundi, wa chini hawakuwa nazo. Cheo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni jinsi walivyotendewa na wenzao.

Ukiwa Mborana wa Waso hii si habari mpya. Kuna busa gonofa, ule utaratibu wa zamani ambapo ukoo unamchangia ng'ombe ama mbuzi mtu aliyepoteza mifugo yake, ndio asimame tena. Wengi tunauona kama mambo ya mali tu. Lakini fikiria unachofanyia mwili: unajua kwamba hata simba akikula wote, kuna watu. Askari wa geti anapunguza sauti. Siku hizi kazi hiyo inafanywa pia na chama cha akina mama wa maziwa ya ngamia, na sacco ya nduthi, na lile kundi lenu la WhatsApp la kuchangiana hospitali. Yule msee wa Bulla Pesa hajamwambia mtu yeyote. Hiyo kunyamaza ndiyo inamuumiza zaidi ya deni lenyewe, na ukiniuliza mimi, hapo ndipo vijana wa kiume wa huku tunajimaliza wenyewe.

Kuna vitu vya mwili pia, na ni vya bure. Ukitembea haraka ama kukimbia nusu saa, zile sukari na adrenalini zinapata kazi zilitengenezewa. Mwili unadhani umemkimbia simba na umepona. Pumzi nayo ni swichi ya ukweli, si mambo ya video za intaneti: ukitoa pumzi polepole, neva moja refu inayotoka kwa ubongo hadi tumboni inaambia moyo upunguze. Kwa hivyo vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita ama nane, dakika tano. Jaribu ukiwa umeshika mshipa wa mkono utaskia mwenyewe. Haitalipa rent, sawa. Lakini kichwa kilichotulia kinaweza kupiga simu kwa mwenye nduthi kabla yeye hajakupigia.

Ukifika mahali unaona heri usingekuwa, hiyo si udhaifu na si laana. Piga 1199, ni laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya na ni bure. Na kama ulikuwa unaogopa kusema juu utashikwa, jua kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba ile sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai inaenda kinyume na Katiba. Unaweza kumwambia daktari ukweli wote.

Maumivu ya kifua yanayoenda kwa mkono ama taya, kukosa pumzi ukiwa umekaa, uso ama mkono upande mmoja kulegea ghafla, hizo si za kungoja kesho. Twende hospitali ya rufaa hapo mjini saa hiyo hiyo, hata kama una miaka 22.

Kwa wengine wote, kupima presha ni dakika chache, kwa kituo cha afya ama hata kwa chemist nyingi za mjini. Usiende siku umechana. Usinywe kahawa wala kuvuta fegi nusu saa kabla, na pitia choo kwanza. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usibonge wakati mashine inafinya. Chini ya 120 kwa 80 uko poa. Ikiwa 140 kwa 90 ama zaidi, usipaniki, juu hata kuogopa nesi kunaipandisha. Rudi siku nyingine upimwe tena, na umwambie akuandikie zile namba mbili kwa karatasi uende nazo.